Ingekuwaje: Vitabu vya Kubishania Kando ya Shikome

Wajukuu zangu, Shing'weng'we mnamjua. Sidhani kama kuna mtoto wa Kisukuma, kuanzia hapa Kalemela hadi Bariadi na kwingine kote mkoani Simiyu, aliyekua bila kusikia habari za dubwana lile lililomeza watu wote na mifugo yao, likabakiza mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Mama akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza watu wako wapi. Akaambiwa. Akalitafuta dubwana, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwa miongoni mwao. Wasimulizi wengi hukomea hapo, watoto wakapiga makofi na kwenda kulala.

Hadithi yenyewe haikomei hapo. Wakati wa kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Watu wanashangilia, bibi anavuja damu, na hasira inampanda mpaka anataka kumloga yule kijana. Wako wanaosimulia kwamba Masala Kulangwa alihangaika hadi akapata dawa ya kumponya, ndipo akawa mtemi. Mimi nikifika kwenye sikio husimama na kuuliza: bibi alikuwa na haki ya kukasirika? Kama asingepasua, wote wangebaki tumboni. Lakini sikio lilikuwa la bibi peke yake, hakuna aliyechangia maumivu yake. Mwenye kuwaokoa wengi anamdai mmoja shukrani, au mmoja ndiye anayemdai? Sijaona bado kundi la watoto lililokubaliana juu ya jambo hili. Hubishana mpaka michembe inaisha sahanini bila mtu kujua nani kaila.

Mabishano ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta kwenye vitabu, na leo nataka niwape majina ya vitabu vinavyoyaleta. Viko vya aina mbili. Kuna riwaya za kisayansi, ambamo mwandishi huchukua chombo, wakati au sayari na kubadilisha jambo moja, kisha hufuata matokeo mpaka mwisho: ingekuwaje mtu angeweza kusafiri kwenda kesho? Ingekuwaje maji yote yangekwisha? Na kuna riwaya za falsafa, ambazo hushika mambo tuliyozoea kuyapita bila kuyatazama, kama kifo, haki, uhuru au Mungu, na kuyageuza huku na huku mpaka yaonekane mageni. Vitabu vizuri zaidi hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Mtu asiwatishe kwamba mambo haya ni ya wasomi wa mbali. Kumbakiza mtu mmoja hai duniani na kuuliza kitakachotokea, ndiyo kazi yenyewe, na wazee wetu waliifanya kwenye shikome, moto wa jioni, kabla hapajafika kalamu.

Hata huko Ulaya kazi hii ilitoka kwenye moto. Mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na majivu yakatanda angani kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi: mvua na baridi tupu, mazao yakaharibika. Marafiki kadhaa waliokuwa wakipumzika kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, walizuiwa ndani na mvua hiyo. Wakakaa motoni wakisomeana hadithi za mizimu, na mshairi Lord Byron akataka kila mmoja atunge ya kwake. Miongoni mwao alikuwepo msichana wa miaka 18, aliyekuja kujulikana kwa jina la Mary Shelley. Alichotunga kilichapishwa 1818, nacho ni Frankenstein, riwaya ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza kabisa ya kisayansi.

Ndani yake kijana msomi anaunganisha viungo vya maiti, anakipa kiumbe hicho uhai, na kinapofumbua macho yeye anakimbia. Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la dubwana. Ni jina la aliyeliunda. Kiumbe chenyewe hakina jina, maana hakuna aliyejali kukipa. Fikirini jambo hilo mkiwa hapa kwetu, ambako mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua anaitwa Mabula na aliyezaliwa wakati wa njaa anaitwa Nzala. Kwetu hata njaa inampa mtoto jina. Kiumbe yule alinyimwa hata hilo, kisha watu wakashangaa kwa nini amekuwa mkali. Wasichana mnaonisikiliza, mjue kwamba swali hilo, kwamba anayeumba ana deni gani kwa alichokiumba, liliulizwa na msichana wa umri wa dada zenu walioko kidato cha nne na cha tano.

Sasa nije nyumbani. Mkiniuliza muanze na kipi, nasema Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilichapishwa 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Ndiyo, wajukuu zangu: nchi nzima, na mfalme wake na mawaziri wake na magereza yake, iko juu angani. Kuna kijana aitwaye Karama, ameletwa barazani mbele ya mfalme. Anayemshitaki ni Waziri Majivuno, na kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria kwa siri. Karama hajitetei kwa kulia wala kwa kuomba radhi. Anasimulia. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi hiyo, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini, kila mmoja akaleta maarifa mapya ambayo yangewafaa wananchi, na kila mmoja alipofika nyumbani akatupwa gerezani.

Mnaona alivyofanya Shaaban Robert? Alitaka kusema neno juu ya watawala wasiopenda kuhojiwa. Angelisema juu ya Tanga au Dar es Salaam, kitabu kisingefika dukani. Akaipandisha nchi hewani, ambako askari hawezi kwenda kuikagua. Waandishi wa riwaya za kisayansi duniani kote wamekuwa wakitumia mbinu hiyo, na yeye aliitumia kwa Kiswahili kizuri mno, kinachosomeka kwa sauti bila kukwaruza. Kitawapa taabu kidogo kwa misamiati. Vumilieni, kamusi iwe karibu. Ukurasa mmoja wa Shaaban Robert uliosomwa polepole una faida kuliko kurasa nyingi zilizorukwa.

Kitabu kinachofuata kinatuhusu kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya yake ya kwanza, juu ya watu watatu wanaovuka Afrika kwa puto kwa wiki tano. Puto linaitwa Victoria. Linapaa kutoka Zanzibar, linapita juu ya nchi kavu hadi Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kisha linakuja kupita juu ya ziwa letu, ambalo Verne analiita kwa jina la Ukerewe. Miaka mitano tu kabla ya kitabu hicho, mwaka 1858, Mwingereza Speke alikuwa amefika kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, na ghuba yetu mpaka leo ina jina lake. Verne hakuwahi kukanyaga huku. Alisoma taarifa za Speke na msafiri mwenzake Burton, akakaa Ufaransa, akaota. Ndoto ile ya kuruka juu ya bara kwa puto iliandikwa miaka 40 kabla ya ndege ya kwanza yenye injini kupaa Marekani mwaka 1903.

Kisomeni, lakini macho yawe wazi. Puto linapofika Kazeh, Verne anawachora watu wakidhani ni mwezi umeshuka, wanampokea daktari anayeliongoza puto kama mwana wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na uongo unafichuka. Ni sura ya kusisimua, na ni sura ya dharau. Kazeh ya wakati ule ilikuwa kituo kikubwa cha biashara. Wanyamwezi, ndugu zetu, walikuwa wapagazi na wafanyabiashara waliotembea hadi pwani na kurudi. Walijua bei ya pembe za ndovu, walijua bunduki, walivaa merikani iliyofumwa Marekani na kusafirishwa baharini. Mtu wa namna hiyo akiona kitu kigeni angani, kweli angepiga magoti? Mimi nadhani angeuliza kimetengenezwa kwa kitambaa gani na kinabeba mzigo kiasi gani. Kazi yenu ya kwanza, basi, ni hii: andikeni sura hiyo upya, msimulizi akiwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyesimama chini akitazama juu. Mtajifunza uandishi, na mtajifunza pia kwamba mwandishi anaweza kuona mbali sana mbele na bado asimwone mtu aliye chini ya miguu yake.

H. G. Wells wa Uingereza nitampitia haraka. Mwaka 1895 alitoa riwaya fupi juu ya mashine ya kusafiri katika wakati. Msafiri wake anaenda mpaka mwaka 802,701. Anakuta binadamu wamegawanyika kuwa viumbe wa aina mbili. Juu wanaishi Eloi, wazuri, wavivu, wanaokula matunda na kucheza. Chini ya ardhi wanaishi Morlock, wanaoendesha mitambo gizani. Usiku Morlock hupanda juu, na chakula chao ni Eloi. Wells alikuwa akiwaangalia matajiri na wafanyakazi wa viwandani wa nchi yake, akauliza: hawa wakiendelea kutengana hivi hivi kwa miaka mingi isiyohesabika, watakuwa bado ni watu wa jamii moja? Sisi tunaolima pamba tunaweza kuuliza vivyo hivyo juu ya anayepalilia na anayevaa shati. Na kama miaka laki nane inawashinda kuifikiria, elekezeni mawazo mashariki, ng'ambo ya Serengeti. Kule Laetoli, kwenye jivu la volkano lililogeuka mwamba, timu ya Mary Leakey ilikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Mbele ya nyayo hizo, mwaka 802,701 ni kesho asubuhi.

Kuna riwaya ya anga za juu ambayo mtaisoma bila kuhitaji mkalimani, nayo ni Walenisi ya Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, iliyotoka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Watawala wanadhani wamemaliza kazi. Dzombo hafi. Anajifunza kukiongoza kile chombo, anatua kwenye sayari ya Walenisi, na huko anakuta jamii inayoishi bila mtu kumnyonya mwenziwe. Litamkeni jina hilo polepole, mtajua wenyewe ni sayari ya akina nani.

Mkangi hakuwa akiota kutoka kitandani. Alikuwa mwalimu wa sosholojia chuo kikuu, na mwaka 1986 serikali ya Kenya ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1997 aligombea urais. Mtu aliyefungiwa chumbani na dola ndiye aliyeandika juu ya mtu aliyefungiwa chomboni na dola, akampa usukani. Hilo huwa linanigusa sana. Kuna kurasa za katikati ambako watu wa Walenisi wanaeleza mno na kutenda kidogo, na msomaji kijana anaweza kuchoka. Hapo ndipo pa kusoma kwa zamu, huyu aya hii na yule aya ile, na kusimama kila mnapoona jambo ambalo haliwezekani. Muulizane: haliwezekani kwa sababu gani? Kwa sababu ya maumbile ya binadamu, au kwa sababu hatujawahi kujaribu?

Mtu asidhani roketi na pwani yetu havijuani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kupima mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mtoto wa Malindi aliyekuwa ufukweni miaka ile aliweza kuona roketi ikipaa juu ya bahari ambamo babu yake alivua samaki.

Vingine nitawatajia tu, mvitafute mkivimaliza hivi. Shamba la Wanyama, hadithi ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha: wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha baadhi yao wanaanza kufanana naye. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed wa Pemba, cha mwaka 2001, ambamo mzimu wa babu unamjia mkubwa mmoja aliyenenepa kwa mali ya watu na kumdai maelezo. Na Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya, cha mwaka 2002, safari ya kuzunguka kijiji cha utandawazi kumtafuta anayewasumbua wanakijiji wote. Kwenye hivi viwili vya mwisho msitafute mambo yaende kwa mpangilio wa mchana. Yanakwenda kama ndoto, na ndoto huwa haikuombi ruhusa inapohama kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Nimemweka mwisho jirani yetu, maana ndiye mgumu kuliko wote na ndiye ninayempenda kuliko wote. Tazameni ramani. Mkoa wetu, kwa upande wa Busega, unagusa Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya maji hayo ni Ukerewe, na huko, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Kisiwa kile kimebarikiwa waandishi: Aniceti Kitereza naye ni wa huko, yule aliyemaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasoma udaktari wa falsafa Wisconsin, Marekani, akaumaliza 1985, na miaka yake ya mwisho ya kazi aliifanya Botswana. Alifariki Januari 2020. Kaka zenu wanamjua kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971. Mimi nataka mmjue kwa vitabu viwili vyembamba alivyovitoa baadaye, Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991.

Ni vyembamba kiasi kwamba unaweza kuvificha ndani ya daftari. Lakini usidhani utavimaliza kwa jioni moja. Katika Nagona msimulizi anasafiri akitafuta kitu ambacho kila akikikaribia kinakimbia, na njiani anapita mji wa kimya ambamo watu wamezama kwenye vitabu, anakutana na wanafikra wakubwa wa dunia waliokwisha kufa, na kila mmoja ana jibu ambalo halitoshi. Katika Mzingile yuko mzee aitwaye Kakulu, ambaye kuzaliwa kwake kulikuwa kwa ajabu kama kwa mashujaa wa hadithi zetu, na msimulizi ametumwa kumpelekea habari kwamba mwanawe amekufa. Na dunia yenyewe inafika mahali imeungua kwa silaha za nyuklia, imebaki majivu, na mtu inabidi aanze upya asijue aanzie wapi.

Mnaposikia hivyo, hamkumbuki kitu? Mtoto wa ajabu, dunia iliyomezwa yote, mmoja anayebaki na kutafuta. Kezilahabi alizisikia hadithi za visiwani na za nchi hizi kabla hajasoma mwanafalsafa yeyote wa Ulaya. Alipokuwa mtu mzima, na mataifa makubwa yakiwa yamerundika mabomu yanayoweza kuimeza dunia nzima, alizirudia hadithi zile akaziuliza maswali mazito kuliko yaliyoulizwa kwenye shikome. Kwamba kama Mungu ni mzee anayekaa peke yake kibandani, nani atampelekea habari za msiba? Kwamba ukishatoka kwenye tumbo la dubwana na kukuta nje hakuna kitu, utaishi kwa ajili ya nini? Walimu wengine husema vitabu hivi havisomeki. Nakataa kabisa. Vinasomeka kama inavyosikilizwa ngoma: kwanza mwili unaitikia, maana inakuja taratibu. Msisimame kwenye kila sentensi mkitaka tafsiri. Someni sura nzima kwa sauti, mnyamaze kidogo, halafu kila mtu aseme picha moja iliyobaki kichwani mwake. Mkikusanya picha zenu mtashangaa mmeelewa kiasi gani. Walio darasa la tano na la sita wasubiri. Vitabu hivi viwili ni vya kidato cha tatu kwenda juu, na hata hapo msome na mtu mzima karibu, maana vinagusa kifo na imani ya mtu, na mtoto asiachwe peke yake na mambo hayo.

Wasichana wanaopenda hesabu wakiweza kusoma Kiingereza watafute Binti, riwaya fupi ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka 2015. Msichana wa Kihimba kutoka kusini mwa Afrika anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, akiwa na udongo wa kwao mwilini. Na siku mkipata mahali pa kuangalia filamu, ombeni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Ni ya dakika ishirini na ushei tu. Vita vya maji vimekwisha, juu ya ardhi hakuna kinachoota, watu wanaishi ndani wakichuja jasho lao wenyewe ili wanywe, na msichana aitwaye Asha analetewa udongo kidogo ambao vipimo vyake vinaonyesha una uhai. Watoto waliowahi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi wataielewa filamu hiyo haraka kuliko mtoto wa mjini.

Vitabu vya Kiswahili nilivyovitaja si rahisi kuvipata vyote kwa pamoja. Aendaye Mwanza apite Maktaba ya Mkoa na kwenye maduka ya vitabu, aulize. Ikipatikana nakala moja, inatosha watoto kumi. Mmoja asome, wengine wasikilize, na mmoja ashike daftari aandike maswali tu, majibu asiandike. Majibu tutayatafuta jioni. Naomba pia mtu asimsimulie mwenzake mwisho wa Kusadikika kabla hajaufikia mwenyewe.

Kwa hicho tutaanza, na tutakifanya baraza. Nusu yenu mtakaa upande wa Karama, na hiyo ni kazi nyepesi, kila mtu anapenda kumtetea anayeonewa. Nusu nyingine mtasimama na Waziri Majivuno. Mtakaopangiwa huko msinung'unike. Rudieni kurasa za mwanzo, mtafute hoja ya waziri iliyo na nguvu kuliko zote, si ile ya kijinga, ile ambayo hata mtu mwema angeweza kuiamini, kwamba nchi itatulia vipi ikiwa kila mtu anajua sheria na kila mtu anahoji. Mje muiseme kwa sauti mbele ya wenzenu, na upande wa Karama uijibu bila kumzomea mtu.